Baiskeli ya ndani: mwenye sukari na presha aijue kabla ya kuinunua



Majuma machache yaliyopita, baada ya darsa la akina mama hapa Mchikichini, dada mmoja alinivuta pembeni akanionesha picha kwenye simu yake. Kaka yake anayefanya kazi Muscat alikuwa amemtumia mama yao boksi zito, lililopandishwa ghorofa ya pili na vijana wawili. Ndani mlikuwa na chuma chenye miguu ya kukunja na gurudumu zito lililofunikwa kwa plastiki. Hakina kiti, hakina usukani, hakina pedeli. Mama yao ana sukari ya miaka mingi na presha, na daktari amemsisitizia aache kukaa kutwa nzima. Boksi lilikuwa uvunguni mwa kitanda, mwezi wa tatu huo. "Dada, hiki ni kitu gani, na mama atakipandaje?"

Swali lake ni la wengi siku hizi, kwa sababu jamaa zetu wa Uarabuni na Ulaya wanaviona vifaa hivi madukani na wanatutakia heri. Basi tukieleze.

Kile chuma kinaitwa treina, na kwa kuwa kinazungumza na simu, tukiite treina janja. Unatoa gurudumu la nyuma la baiskeli yako, unaifunga baiskeli juu yake, mnyororo unapita kwenye gia za treina, na unakanyaga bila kwenda popote. Ndani mna sumaku ya umeme inayozuia lile gurudumu zito lisizunguke kwa wepesi. Ukifungua programu kwenye simu, unaona barabara na mlima. Mlima ukifika, programu inaiagiza treina ikaze na miguu yako inahisi kupanda. Nguvu unayotoa inaandikwa kwa wati, kama taa ya umeme. Iko pia aina nyingine, ya bei nafuu zaidi, ambayo gurudumu halitolewi bali tairi la nyuma linakandamizwa kwenye rola.

Wanamichezo wanavichukulia vitu hivi kwa uzito mkubwa. Mwaka 2020 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya kuendesha namna hii, kila mtu akiwa kwake, na mshindi wa wanawake alikuwa Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Mwaka 2024 fainali zilifanyika Abu Dhabi. Lakini mama wa dada yetu hashindani na mtu. Anataka sukari ishuke.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Treina si baiskeli. Bila baiskeli inayokubali kufungwa juu yake, umenunua chuma cha kujikwaa. Treina zimetengenezewa baiskeli za gia ambazo nafasi ya ekseli ya nyuma ni milimita 130 au 135, na za kisasa zaidi 142 au 148. Phoenix zetu za kubebea mizigo, na nyingi za zile za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele, nafasi yake ni nyembamba kuliko hapo na hazikai. Ukichagua aina ya rola, tairi liwe laini. Tairi lenye kashata linanguruma kama mashine ya kusaga, linateleza, na linakwisha upesi.

Kwa hiyo pima kwa rula kabla ya kutoa pesa, au mpigie simu jamaa yako kabla hajalipa. Treina janja huanzia kama dola 300 na kupita 1,000, bila baiskeli yenyewe na bila usafiri. Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, maoni yangu ni kwamba baiskeli ya mazoezi iliyo kamili, ile yenye kiti kipana, unayoweza kuipanda bila kurusha mguu juu, na kitufe cha kuzungusha kwa mkono ili kuongeza uzito, inatosha na kubaki. Katika maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo usiinunue ikiwa ndani ya boksi. Iombe ifungwe, uipande, uone kama inayumba. Treina janja mwachie kijana mwenye baiskeli ya gia, au baba anayependa kuhesabu na kushindana, maana watu wa namna hiyo wasipoona namba hawapandi kabisa.

Na kama pesa haipo, haipo. Kukopa kwenye programu za simu zinazotoza riba ili ununue kifaa cha afya ni kuponya mguu kwa kuukata mkono. Kutembea kwa kasi hakuna bei.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Gawanya upendavyo, lakini mwenye sukari asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi, kwa sababu msaada ambao misuli inautoa katika kuivuta sukari kutoka kwenye damu hudumu siku moja hadi tatu hivi, kisha unapotea. Wastani maana yake uweze kuzungumza lakini usiweze kusoma kasida. Anayeanza aanze na dakika 5 au 10, aongeze kidogo kidogo.

Programu hailijui hilo. Nyingi zinaanza kwa kukupa mtihani wa kukanyaga kwa nguvu zako zote, eti zijue kiwango chako. Kwa kijana mzima hakuna tatizo. Kwa mwenye presha, mwenye maumivu ya kifua, au mwenye sukari ya muda mrefu, mtihani huo usifanyike mpaka daktari amekuona na kukuruhusu. Hospitali ya Amana haiko mbali na sisi, na mwenye matatizo ya moyo ana Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ipo pia hali ambayo treina inashikilia wati zilezile hata ukichoka. Ukipunguza mwendo, yenyewe inazidi kukaza hadi miguu inakwama. Wanaoanza waizime.

Jingine ambalo watu hawaambiwi ni la dawa. Atenolol, propranolol, bisoprolol na carvedilol hupunguza mapigo ya moyo. Mtu anayemeza mojawapo anaweza kuwa anahema kweli kweli, huku programu inamwambia moyo wake uko chini, aongeze bidii. Asiisikilize. Asikilize pumzi yake.

Mwenye kutumia insulini au glibenclamide apime sukari kabla ya kupanda. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza. Tende tatu au nne ziwe karibu, na mtu mwingine awepo nyumbani. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuona maruweruwe, shuka ule tende. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi ukiwa umetulia, siku hiyo usipande, nenda ukaonwe. Na miguu ikaguliwe kila baada ya mazoezi, kwenye unyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mwenye sukari anaweza kuchubuka asihisi. Usikanyage pedeli pekupeku wala kwa ndala. Vaa raba na soksi kavu.

Kiti kirekebishe hivi: weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha mbele ya unyayo, goti litabaki limepinda kidogo. Kiti cha chini mno ndicho kinachoua magoti, kisha watu wanailaumu baiskeli.

Kwa akina mama uzuri wa baiskeli ya ndani hauhitaji maelezo marefu. Unafunga mlango, unafanya mazoezi bila macho ya mtu. Lakini dera na kanga visikaribie mnyororo. Vaa suruali pana iliyobana kwenye vifundo, hata kama uko peke yako chumbani. Watoto wadogo watolewe nje. Gurudumu la treina huendelea kuzunguka baada ya wewe kuacha, na kidole cha mtoto kinaingia mahali ambapo chako hakiingii. Ukimaliza, chomoa waya na ufunike.

Nyumba zetu zinajulikana. Chini yako kuna mpangaji, ukutani kuna mwingine. Treina ya kufunga moja kwa moja haina kelele nyingi, ila mtetemo wake unapita kwenye sakafu, hivyo tandika mpira mzito chini yake na usikanyage usiku wa manane. Haki ya jirani haikomi kwa sababu wewe unatafuta afya. Umeme inayotumia haufiki hata wa pasi, ila ichomeke kwenye ile gadi tunayofungia friji, maana umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaounguza. Wanaokaa upande wa bondeni, maji ya Msimbazi mnayajua. Msiiweke sakafuni msimu wa mvua.

Joto la Dar es Salaam nalo. Barabarani upepo unakupoza, chumbani hakuna. Bila feni inayokupiga kifuani utachoka kabla ya wakati, na pangaboi peke yake halitoshi. Kunywa maji. Taulo liwe juu ya usukani, kwa kuwa chumvi ya jasho inaozesha chuma.

Jasho la binadamu si najisi, na wanazuoni wamelieleza hilo, lakini kutokuwa najisi si ruhusa ya kukaa nalo. Nguo iliyolowa ikibaki mwilini inaleta fangasi kwenye mapaja na chini ya matiti, hasa kwa mwenye sukari. Oga, kausha, badilisha, ndipo uende msikitini. Tumefundishwa tusiwaudhi wenzetu kwa harufu ya kitunguu, seuze ya jasho. Ikiwa baiskeli moja inapandwa na familia nzima, kiti na mikono ya usukani vifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kila mtu anaposhuka. Usinyunyizie maji sehemu zenye umeme.

Kuhusu programu zenyewe, Zwift ndiyo mashuhuri zaidi, na tangu 2024 ada yake ya mwezi ni dola 19.99, takriban shilingi 50,000. Pesa inakatwa yenyewe kila mwezi, upande usipande, hivyo usiiache kadi yako humo ukasahau. MyWhoosh ya Abu Dhabi haitozi ada. Kuipakua programu kwa mara ya kwanza kunakula bando kubwa, lakini ukishaanza kukanyaga matumizi ni madogo, isipokuwa zile zinazoonesha video za barabara za kweli. Huhitaji kamera. Jina unaweza kuandika lolote la heshima, picha yako si lazima, na wasifu ufungwe usionwe na watu. Muziki unazimika.

Ramadhani, Tarawehe yenyewe ihesabuni kuwa mazoezi. Mzima anaweza kukanyaga kidogo karibu na magharibi. Anayetumia dawa za kushusha sukari asifanye hivyo. Asubiri baada ya futari, na azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Yule dada, ile treina wamemuuzia binamu yao mwenye baiskeli ya gia, kwa ridhaa ya kaka, wakamnunulia mama baiskeli ya kawaida. Juzi alinipigia simu. Mama amefika dakika kumi na mbili baada ya Alasiri, na anauliza kama anaweza kuvuta uradi akiwa juu ya baiskeli. Nikamwambia avute, na pumzi ikimkatikia katikati ya tasbihi, apunguze uzito.