Kiyoyozi cha Gari na Gharama ya Ubaridi

Dereva anayetaka kubana matumizi ya petroli huenda akazungusha kitufe cha kiyoyozi kidogo kuelekea alama nyekundu, akiamini kuwa ubaridi ukipungua na petroli itapungua. Dhana hiyo yaonekana kuwa na mantiki, lakini katika magari mengi ya kawaida si sahihi. Ili kuielewa sababu yake, yatupasa kuifuata hewa tangu inapoingia garini.

Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi, huhamisha joto. Injini huzungusha kompresa kwa mkanda, nayo kompresa huishindilia gesi maalumu mpaka ikawa ya moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupita katika mabomba membamba yaliyo mbele ya rejeta, hupoteza joto lake na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho kikipenyezwa katika tundu dogo na kuingia mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi, shinikizo hushuka ghafla, nacho huchemka kwa kufyonza joto la hewa inayopulizwa na feni.

Katika mitambo sahili, hewa yote hupozwa kwanza. Kitufe cha joto hufungua tu kilango kinachoiruhusu sehemu ya hewa hiyo ipite kwenye mabomba ya maji moto ya injini. Wakati huo kompresa imekwisha kufanya kazi yake. Ni kama mpishi aliyezidisha chumvi kisha akaongeza maji: ladha hurekebika, lakini chumvi haimrudii. Magari yenye kompresa inayoweza kupunguza kazi yake yenyewe hayamo katika kundi hili. Kupunguza kasi ya feni, kwa upande mwingine, husaidia kweli, maana hewa ya kupozwa huwa chache.

Kitufe chenye faida kubwa zaidi ni kile cha kuchagua hewa ya nje au ya ndani. Tuchukue hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 70. Kila kilo ya hewa hiyo hubeba takriban gramu 21 za mvuke. Ikipozwa hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7.6 hivi; zile 13 na ushei zilizosalia hugeuka maji, na ndiyo matone tuyaonayo chini ya gari lililosimama. Kuishusha hewa hiyo kwa nyuzi 22 kwahitaji kuondoa kilojouli 22 hivi. Kuugeuza mvuke wake kuwa maji kwahitaji kuondoa 33 zaidi. Kwa hiyo, huku pwani, kazi kubwa ya kiyoyozi si kupoza hewa bali kuikausha.

Sasa tuichukue hewa ya ndani ambayo imekwisha kupozwa, yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50. Kuifikisha nyuzi 10 kwahitaji kilojouli 21 tu badala ya 55. Hata hivyo, abiria wakifungiwa muda mrefu, dioksidi ya kaboni huongezeka na dereva huweza kusinzia. Hewa ya nje sharti iingizwe mara kwa mara.

Je, yote haya ni petroli kiasi gani? Lita moja ina nishati ya megajouli 32 hivi. Injini ikigeuza robo yake kuwa kazi, twapata megajouli 8. Kompresa inayotumia kilowati 2 kwa saa nzima huhitaji megajouli 7.2, yaani karibu lita 0.9. Kwenye barabara kuu, gari likienda kilomita 90 kwa saa, gharama hiyo hugawanyika katika kilomita zote 90. Katika foleni, lita hiyohiyo huteketea kwa kilomita 10 tu. Huko mjini kufungua madirisha hakugharimu kitu. Kwa mwendo wa kasi upinzani wa upepo hukua, na nafuu hiyo hupungua.

Foleni huumiza vyombo pia. Gesi ya R-134a, iliyochukua nafasi ya R-12 baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987, inapogeuka kimiminika kwenye nyuzi 40 huwa na shinikizo la kilo 10 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye nyuzi 60 hufikia 17. Gari lisiposogea, au mabomba ya mbele yakizibwa na vumbi na wadudu, joto halitoki, shinikizo hupanda, na mkanda, klachi na beringi za kompresa hubeba mzigo huo. Gesi ikipungua mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Kompresa iliyokosa oili hujisaga mpaka ikakwama. Gari lililoachwa juani lifunguliwe madirisha kwa dakika chache za mwanzo wa safari, ili joto lililokusanyika litoke bila kuitwisha kompresa.

Walimu wa fizikia waweza kulithibitisha jambo la unyevu kwa gari la shule, likiegeshwa mahali pa wazi ambapo moshi hausongamani. Kiyoyozi kiwashwe nusu saa kwa hewa ya nje, kisha nusu saa kwa hewa ya ndani, na maji yadondokayo yakingwe katika chupa mbili na kupimwa. Kila gramu izidishwe kwa kilojouli 2.45, na wanafunzi walinganishe majibu.