Mwaka Denmark Ilipokula Pumba (Sehemu ya 4)

Kila Januari kampeni ya Veganuary, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2014, huwaalika watu kuacha nyama, samaki, maziwa na mayai kwa mwezi mmoja. Safari hii mjadala umekolezwa na Denmark, nchi iliyotoa mwaka 2023 mpango wa kitaifa wa vyakula vya mimea, na mwaka uliofuata vyama vyake vikuu vikakubaliana kuwatoza wafugaji kodi kwa gesi zinazotoka kwa mifugo yao kuanzia 2030. Habari zinaandikwa kana kwamba Wadenishi wamelizua jambo hili juzi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakazi wa miji ya nchi hiyo walikaa mwaka mzima karibu bila nyama, na aliyeshika sufuria alikuwa daktari mmoja mkaidi ambaye vitabu vingi vya lishe humpita bila hata salamu.

Wasomaji wa mfululizo huu wanamkumbuka Carl Voit wa Munich na gramu zake 118 za protini kwa siku, kiwango kilichoshikwa na madaktari wa Ulaya kama aya ya msahafu. Wanamkumbuka pia Russell Chittenden wa Yale, aliyewapa askari chini ya nusu ya kiwango hicho na wakazidi kupata nguvu. Daktari wetu mkaidi, Mikkel Hindhede, alifika penye mzozo huo kwa njia yake. Alizaliwa mwaka 1862 katika familia ya wakulima wa magharibi ya Denmark, akasomea udaktari, kisha akaanza kujipima mwenyewe kwa kula viazi, matunda, maziwa na siagi huku akiipunguza nyama. Baadaye serikali ilimpa maabara ya lishe mjini Copenhagen. Huko msaidizi wake, Madsen, aliishi siku 300 hivi kwa viazi mviringo na majarini, na hakuacha kufanya kazi za sulubu. Profesa mwenye tai angeona ni kichekesho. Mkulima wa viazi wa Njombe pengine angeuliza tu kachumbari iko wapi.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Denmark haikupigana, lakini tangu miaka ya 1880 ilikuwa imegeuka kiwanda cha siagi na nyama ya nguruwe kwa ajili ya meza za Waingereza. Mahindi na mashudu ya kulisha ng'ombe na nguruwe wake yalitoka nje kwa meli. Februari 1917 Ujerumani ilizifungulia nyambizi zake zizamishe meli yoyote, Aprili Marekani ikaingia vitani, na shehena zikakatika. Nchi yenye mamilioni ya nguruwe ikabaki na nafaka isiyotosha watu na nguruwe kwa pamoja.

Hindhede aliitwa kushauri, na ushauri wake ulikuwa wa hesabu kuliko wa huruma kwa wanyama. Nguruwe akila nafaka, hurudisha sehemu ndogo tu ya nguvu iliyomo. Nyingine huiteketeza kwa kupumua, kutembea na kupasha mwili joto. Basi nguruwe apungue, na nafaka yake iende kwa watu. Takriban nguruwe wanne kati ya watano waliondolewa. Ng'ombe wengi walisalimika kwa sababu wao hula majani, chakula ambacho binadamu hana ushindani nacho. Viazi na shayiri vilivyokuwa vikiingia kwenye mitambo ya pombe kali navyo vikarudishwa jikoni.

Sehemu inayostahili kusomwa polepole ni mkate. Ulitengenezwa kwa nafaka ya rai isiyokobolewa, ukachanganywa na shayiri na pumba za ngano, zilezile ambazo mwaka uliotangulia zilikuwa halali ya nguruwe. Pamoja na mkate huo mweusi kulikuwa na uji wa shayiri, viazi, mboga za majani, maziwa na siagi kidogo. Nyama ya ng'ombe ilipanda bei hadi ikabaki kwa wenye nacho, na ya nguruwe haikuonekana sana mijini.

Matokeo Hindhede aliyachapisha mwaka 1920 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Kuanzia Oktoba 1917 hadi Oktoba 1918, vifo vya wanaume mjini Copenhagen, ukitoa vya magonjwa ya mlipuko, vilikuwa chini kwa asilimia 34 kuliko wastani wa miaka ya 1900 hadi 1916. Wakati huohuo Ujerumani ilikuwa imeshaonja majira ya baridi ya 1916 hadi 1917, watu wakila mizizi ya kulishia mifugo. Nako nguruwe walichinjwa kwa mamilioni, mwaka 1915, lakini bila mpango wa kueleweka: nyama nyingi iliharibika, bei zikapaa, na nafaka haikuwafikia wenye njaa. Kuchinja peke yake hakumshibishi mtu.

Hapa panataka uaminifu, kwa sababu wapenzi wa mboga hupenda kukisimulia kisa hiki nusunusu. Mwaka huohuo wa 1917 chupa ya akvaviti, pombe kali ya Wadenishi, ilipandishwa kutoka senti 90 hadi krone 11. Walevi wakaachishwa na mfuko. Kiasi gani cha maisha kiliokolewa na pumba na kiasi gani na ukosefu wa akvaviti, hakuna mizani ya kukitenganisha leo. Anayeacha nyama choma kwa mwezi mmoja akaacha pia bia zilizokuwa zikiisindikiza, kisha akaupa mchicha sifa zote, anaurudia mkanganyiko uleule.

Lakini pumba zenyewe zina kesi isiyofutika, hasa Afrika Mashariki. Kwenye mashine za Morogoro au Eldoret, mahindi hukobolewa ili yatoke meupe; mtu hubeba sembe, na pumba huenda kwa kuku na nguruwe, zikiwa na nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini. Kisha mtu yuleyule huingia duka la dawa kutafuta tiba ya kufunga choo. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, imepewa jina la chakula cha shule na jela, nayo sembe ikafanywa alama ya kuwa na uwezo. Ni fahari ya ajabu, kulipia kazi ya kuondolewa chakula. Dona ina masharti yake, kwani mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, na nyingi hukaa kwenye maganda; ni lazima yawe makavu na yamechambuliwa.

Kwa anayejaribu sasa kuacha nyama, iwe kwa Januari au kwa Kwaresima inayokuja, ushauri ni mfupi. Watafiti wa Stanford walichapisha mwaka 2023 jaribio la jozi 22 za mapacha wanaofanana: kwa wiki 8 pacha mmoja alikula mimea tupu, mwenzake akala mlo mzuri wenye nyama. Lehemu mbaya ya waliokula mimea ilishuka zaidi, kwa hiyo muda mfupi unatosha kuonesha kitu kwenye damu. Makande yanatosha kwa protini, maana maharage huleta lisini ambayo mahindi yanaipungukia. Maharage yalowekwe usiku na maji yamwagwe. Ndimu ikamuliwe kwenye mboga ili madini ya chuma yafyonzwe. Chai isubiri saa moja baada ya kula. Vitamini B12 iliyo kwenye ini la mtu mzima mwenye afya haiishi kwa mwezi, ila anayekusudia kuacha kabisa vyakula vya wanyama lazima aitafute kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Sehemu ya 5 itahamia Norway ya 1940 hadi 1945, ambako vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vilishuka wakati nyama na siagi vilipoadimika, na ambako samaki wanaivuruga hesabu yote.