Je, Wajua? Kimbunga Kikiisogelea Pwani Yetu

Je, wajua kwamba vimbunga havizaliwi juu ya mstari wa Ikweta? Ili mawingu yaanze kuzunguka, yanahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, na karibu na Ikweta, hadi kama nyuzi 5, msukumo huo ni hafifu mno. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Dar es Salaam karibu 7, Mtwara zaidi ya 10. Ndiyo maana Mtwara na Lindi hupewa tahadhari mara nyingi kuliko Lamu.

Lakini aliyekwambia kwamba pwani yetu haiguswi amekupotosha. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu kwa mashamba mazima. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Meli Glasgow, ambayo Waingereza waliizamisha bandarini Zanzibar mwaka 1896, Sultani aliiagiza ili kuziba pengo la merikebu alizopoteza siku ile.

Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi.

Je, wajua kimbunga hula nini? Joto la bahari. Maji yanatakiwa yafike nyuzi 26 hivi za Selsiasi, tena si juu juu tu, bali hadi kina cha makumi ya mita. Kikishaingia nchi kavu hukosa chakula hicho na kuanza kufa.

Mfuatiliaji mkuu wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni kituo cha Ufaransa kilichopo kisiwani Réunion. Hata hivyo, jina hakitoi chenyewe: dhoruba ikifikisha upepo wa kilomita 63 kwa saa, Madagaska huipa jina ikiwa magharibi ya nyuzi 55 za longitudo, na Mauritius ikiwa mashariki yake. Jina likishatumika halirudiwi, kwa hiyo hakutakuwa na kimbunga kingine kiitwacho Hidaya, kama kile cha Mei 2024.

Je, wajua kwamba katika bahari yetu hakuna ndege zinazotumwa kila mara kuingia ndani ya kimbunga kupima upepo, kama wafanyavyo Wamarekani kule Atlantiki? Wataalamu hutazama picha za setilaiti. Umbo la mawingu, jinsi yalivyojiviringa, na jicho kama limefunguka, vyote huwaonyesha nguvu ya upepo. Njia hiyo ilibuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970, na bado ni nguzo ya kazi hii. Kimbunga kikikaribia pwani, rada kama ile ya Mtwara huona mvua yenyewe.

Ukisikia taarifa mbili zinataja kasi tofauti za kimbunga kimoja, usidhani kuna anayedanganya. Réunion hupima wastani wa upepo kwa dakika 10. Wamarekani kwa dakika 1, na wao hupata namba kubwa zaidi.

Sasa hili lishike sana. Katika nusu ya kusini ya dunia, upepo wa kimbunga huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Kwa hiyo kikiingia kutoka mashariki, watu walio kusini ya jicho hupigwa na upepo unaosukuma bahari kuja nchi kavu, na walio kaskazini hupata upepo unaotoka bara. Kikitua Kilwa, wa kuogopa zaidi maji ya bahari ni Lindi kuliko Rufiji. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji. Mtwara ikawa upande wa kaskazini, ule wa upepo unaotoka bara.

Mstari unaochorwa kwenye ramani ya utabiri ni makadirio ya njia ya jicho tu, na kila siku inayoongezwa mbele huongeza shaka. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, kikadhoofika kabla ya kufika. Tahadhari iliyotolewa ilikuwa halali kabisa: wavuvi waliobaki nchi kavu hawakupoteza kitu kinacholingana na uhai wao.

Je, wajua kwamba msimu rasmi huisha 30 Aprili? Lakini bahari haifuati kalenda: Hidaya alifikia kiwango cha kimbunga tarehe 3 Mei 2024, na Ialy akamfuata mwezi uleule. Hidaya alipoteza nguvu alipofika Mafia, lakini mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Tangazo la kwamba kimbunga kimedhoofika huzungumzia upepo. Mito hujaa baadaye.

Na kila mgandamizo wa hewa unaposhuka hektopaskali 1, bahari huinuka kama sentimita 1, hata kabla upepo haujaisukuma. Kwa hiyo siku ya tahadhari, angalia pia mwandamo wa mwezi: kimbunga kinachotua wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, hufika mbali zaidi kuliko kile kile kikitua wakati wa maji mafu.