Kisahani Kilichohesabu Umeme

Watu wazima wa Temeke na Kinondoni wanaikumbuka mita ya umeme iliyotangulia LUKU, mita ya kulipia kabla: boksi ukutani, kioo mbele, na ndani yake kisahani cha alumini kikizunguka. Ukichomeka pasi, kilikwenda mbio. Ukizima kila kitu, kilisimama. Hakuna waya uliokigusa, na alumini haivutwi na sumaku. Basi kilisukumwa na nini?

Ndani ya mita mlikuwa na koili mbili. Ya kwanza, ya waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana, ilipokea volti 230 za nyumba. Ya pili ilikuwa ya waya mnene wenye mizunguko michache, na umeme wote uliotumika nyumbani ulipita humo. Kila koili ilitoa nguvu ya sumaku yenye kubadilika-badilika, kwa kuwa umeme wetu hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sumaku ya namna hiyo ikipenya kwenye metali huamsha ndani yake mikondo ya umeme inayojizungusha humo humo. Mfaransa Léon Foucault alilionyesha jambo hili mwaka 1855. Kwa kuwa koili moja huchelewa nyuma ya nyingine kwa karibu robo ya mzunguko, sumaku zao hupokezana na kuiburuta ile mikondo upande mmoja, na kisahani pamoja nayo. Mita ya aina hii ilitengenezwa na Ottó Bláthy, mhandisi wa Hungaria, mwaka 1889.

Lakini kusukuma si kupima. Kisahani kinachosukumwa tu kingezidi kuongeza kasi, na hesabu ingeharibika. Hapa ndipo ninapoustaajabia ubunifu huu: breki yake ni mikondo ya aina ile ile. Sumaku ya kudumu iliwekwa ukingoni, na kila kisahani kilipoipita, mikondo mipya ilizuka na kukizuia, kama maji ya bahari yanavyomzuia anayekimbia yakiwa kiunoni: ukiongeza mbio, nayo huongeza ukinzani. Msukumo na kizuizi vikilingana, kasi hufuata wati zinazotumika. Kama mita imeandikwa mizunguko 600 kwa uniti (kWh), pasi ya wati 1,000 hukizungusha mara moja kila sekunde 6. Sumaku hiyo ikidhoofika, kisahani hukimbia kupita kiasi na mteja hulipia umeme ambao hakuutumia.

Mita za LUKU hazina kisahani; kazi hiyo hufanywa na saketi za kielektroniki, na kitaa chekundu hupepesa badala yake. Soma namba iliyoandikwa mbele ya imp/kWh, yaani mipepeso kwa kila uniti. Ikiwa ni 1,000, gawa 3,600 kwa sekunde zilizopo kati ya mipepeso miwili: sekunde 3 ni wati 1,200. Wapangaji wanaogombana juu ya mita moja wangeanzia hapo, chumba kimoja kimoja. Na kama vyombo vyote vimechomolewa na kitaa bado kinapepesa, kuna mahali umeme unakwenda. Mwiteni fundi mwenye leseni akague nyaya.