Mwenyekiti Anaitisha, Nani Anaita?

Tangazo likibandikwa kwenye ofisi ya kijiji Ilembula, wilayani Wanging'ombe, litasema mwenyekiti ameitisha mkutano mkuu. "Ameita mkutano" nayo husikika siku hizi, hata magazetini, lakini sikio langu huikataa.

Ita ni kitenzi cha Kibantu tangu asili, na anayeitwa ni mwenye kusikia: unamwita jirani, naye anaitika. Mkutano utaitikaje? Tukiongeza -ish-, kama pika inavyozaa pikisha, tunapata mtu anayesababisha wito utoke, hata kama kinywa chake hakikuutoa. (Enda huzaa endesha kwa sababu ya irabu e, kiambishi ni kilekile.)

Ndivyo mambo yanavyokwenda kijijini. Mwenyekiti anaitisha, ila wanaoita ni wengine: mtendaji, ambaye ndiye katibu, anaandika tangazo, wenyeviti wa vitongoji wanalifikisha kwa watu. Zamani ilipulizwa pembe, na bado tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Uchaguzi, mgomo na maandamano navyo huitishwa, kwa kuwa kila kimoja kinataka umma ujitokeze. Nairobi kitenzi hiki kimeshuka hadi mezani: mteja huitisha chai. Msafiri kutoka Makambako atacheka kidogo, maana kwao chai huagizwa.

Serikalini, kitenzi hiki kina uzito wa mamlaka. Chini ya Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania, Rais ndiye anayeitisha Bunge jipya baada ya uchaguzi mkuu. Kijijini, mkutano mkuu uliwekwa na sheria ya vijiji ya 1975, kisha ukaendelezwa na sheria ya serikali za mitaa ya 1982. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wakati halmashauri ya kijiji ina watu 15 hadi 25 tu. Kwa hiyo swali la "nani ameitisha?" si la udaku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Wanakijiji wakijikusanya wenyewe chini ya mti wanaweza kujadili shamba fulani hadi jua lizame, wakakubaliana wote, na bado idhini hiyo ikawa haijatolewa.