Kombi Zilikuwa Ngapi, na Zilipelekwa Wapi

Anayetaka kuuza Kombi ya zamani nje ya nchi huulizwa mapema gari hilo lilitengenezwa kwa idadi gani. Mnunuzi anauliza kwa sababu uadimu hupandisha bei, na maofisa wa forodha nao wana sababu zao. Jibu la haraka huwa ni jumla ya kiwanda. Volkswagen ilianza kuunda Kombi mjini Wolfsburg Machi 1950, ikahamishia kazi hiyo Hannover mwaka 1956, na kizazi cha kwanza kilipofikia mwisho Ujerumani mwaka 1967, zilikuwa zimetoka takriban milioni 1.8. Takwimu hiyo ni sahihi, ila haimwambii mnunuzi chochote kuhusu gari analotaka kulipia. Idadi yenye maana kwake ni ya aina moja ya bodi iliyopelekwa soko moja, na njia ya kuifikia inaanzia kwenye gari lenyewe ndipo irudi kiwandani.

Pikapu za Kombi zinaonyesha jambo hili vizuri. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson wa Marekani aliidhinisha ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo ya kigeni, kujibu ushuru ambao nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilikuwa zimewatoza kuku wa Marekani. Mwaka uliofuata, thamani ya malori ambayo Marekani iliagiza kutoka Ujerumani Magharibi ilishuka hadi kama theluthi moja ya ile ya mwaka uliotangulia. Kombi za abiria hazikuguswa na ushuru huo. Pikapu na zile za mizigo zisizo na madirisha ndizo zilizoumia. Hannover haikuacha kuziunda, maana Ulaya na kwingineko ziliendelea kununuliwa. Kwa hiyo pikapu ya mwaka 1966 ni gari la kawaida ukihesabu mlangoni mwa kiwanda, lakini ni adimu ukihesabu zilizoteremshwa katika bandari za Marekani. Usukani nao ni hivyo hivyo. Kombi zilizoundwa kwa ajili ya nchi kama Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na usukani kulia na milango ya ubavuni upande wa kushoto, ili abiria washukie pembeni mwa barabara. Jumla ya kiwanda inazimeza zote bila kubagua.

Ndiyo maana mtafiti mzuri huanza kwa kuchuchumaa nyuma ya viti vya mbele, mahali ambapo Kombi nyingi za Ujerumani zina kibati kidogo cha chuma chenye safu za namba na herufi. Humo mna namba ya chesisi, rangi ya awali, vifaa vya ziada vilivyoagizwa, tarehe ya kutengenezwa na alama ya mahali gari lilikokusudiwa kwenda. Mara nyingi kibati kimefunikwa na rangi ya tabaka mbili tatu, na anayekikwangua kwa bisibisi hufuta ushahidi alioufuata; rangi ilainishwe taratibu. Namba ya chesisi nayo inasema mengi. Kuanzia magari ya mwaka 1965, tarakimu mbili za mwanzo zinataja aina: 21 ni ya mizigo, 24 ni ile ya kifahari, 26 ni pikapu. Tarakimu ya tatu ni ya mwaka wa modeli, ambao kiwandani ulianza Agosti, si Januari, na kosa la miezi michache hapa linaweza kuliweka gari upande usiofaa wa sharti la umri linalotumiwa na forodha. Tarakimu zinazobaki zina mtego wake. Zinafuatana kwa aina zote za bodi kwa pamoja, hivyo anayetoa namba ya mwanzo wa mwaka kwenye ile ya mwisho anapata Kombi zote za mwaka huo, wala hapati idadi ya pikapu au ya zile za kifahari.

Ugumu huzidi gari linapokuwa limeunganishwa nje ya Ujerumani. Afrika Kusini, Australia na Brazili zilipokea Kombi zikiwa vipande ndani ya makasha, na Kenya nayo iliwahi kuziunganisha. Gari la namna hiyo linaweza kuhesabiwa mara mbili, kwanza makasha yanapoondoka Ujerumani, kisha gari linapotoka karakana ya huko. Kabla ya kujumlisha majedwali mawili, ni lazima kujua kila moja linahesabu nini. Brazili ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 1957 iliziunda yenyewe São Bernardo do Campo, ikabaki na umbo la kizazi cha kwanza hadi 1975, na haikufunga kazi hadi Desemba 2013, baada ya Kombi zaidi ya milioni 1.5. Nyingi za zile za zamani zimesafirishwa Ulaya na Marekani, na baadhi zimekatwa paa na kuchomelewa vidirisha vya juu ili zifanane na ile ya kifahari ya Ujerumani yenye madirisha 23. Hapo uadimu unatengenezwa na fundi. Mwaka 2011 Kombi ya madirisha 23 ilivuka dola 200,000 kwenye mnada wa Marekani, na bei za namna hiyo ndizo zinazolipia kazi ya kukata mapaa.

Mtu anaweza kupinga kwamba kibati chenyewe hughushiwa au huhamishwa kutoka gari lililooza. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kisisimame peke yake. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha bodi ilingane nacho, rangi ya ndani ya pembe zisizopakwa upya ilingane na namba ya rangi, na milango iwe upande unaolingana na nchi iliyotajwa. Kwa magari ya Ujerumani, hifadhi ya nyaraka ya Volkswagen hutoa kwa malipo cheti chenye tarehe ya kutengenezwa na nchi ya kwanza kupelekwa. Cheti hicho kinatoka kwenye kumbukumbu zilizoandikwa gari likiwa jipya, na mghushi wa leo hawezi kuzifikia.

Wengine watasema mnunuzi anajali kutu na injini kuliko hesabu. Mnunuzi huenda, lakini si forodha. Umoja wa Ulaya hutazama magari ya ukusanyaji kwa vigezo vya umri wa angalau miaka 30, kubaki katika hali ya asili, na kuwa modeli isiyotengenezwa tena. Sharti hilo la mwisho linaonyesha kwa nini jina Kombi pekee halitoshi kwenye fomu: hadi mwisho wa 2013 gari lenye jina hilo lilikuwa bado linatoka kiwandani Brazili. Tamko la gari liandikwe aina ya bodi, kizazi, kiwanda, tarehe na soko la kwanza, na kila kimoja kiambatane na picha ya mahali kiliposomwa kwenye gari. Idadi ya jumla, ikitajwa, ije baada ya hayo, pamoja na maelezo ya kinachohesabiwa ndani yake.