Siku Nne Kabla ya Meli: Fedha ya Utalii wa Ufipa Iko Nchi Kavu

Anayepanga safari ya kundi katika Ziwa Tanganyika huanza na meli. Kwanza huuliza inaondoka lini, ndipo atafute njia ya kufika bandarini. Mpango wa namna hiyo humpa mwenye meli nauli yake na kuwaachia watu wa mkoa wa Rukwa bei ya chai ya asubuhi. Msafiri hushuka kwenye basi Sumbawanga usiku, hulala gesti, na alfajiri anateremka Kasanga. Mkoa mzima umemuuzia kitanda kimoja na sahani mbili za chakula.

Kundi hilohilo likikaa siku nne kwenye uwanda wa Ufipa, mkoani humo, kabla ya kupanda meli, fedha yake hugawanyika kwa mwenye hoteli, dereva, mwongoza watalii, mama lishe, hifadhi ya msitu, serikali ya kijiji na mwenye boti. Meli ndiyo jina linalomvuta mteja. Biashara, kwa watu wa Sumbawanga, Matai na Kasanga, iko katika siku zinazoitangulia. Na kwa kuwa meli za Tanganyika si za kuaminika, siku hizo zinapaswa kupangwa ziweze kujisimamia hata meli isipotokea.

Meli na ratiba yake

MV Liemba ina historia inayouzika popote duniani. Ilijengwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam, ikabebwa kwa reli kuelekea Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa wakikimbia waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vita vya ziwa hilo ndivyo vilivyozaa riwaya ya The African Queen ya mwaka 1935 na filamu yake ya 1951, na wageni wengi wa Ulaya na Marekani huifahamu filamu hiyo kabla hawajaifahamu Sumbawanga.

Kwa ratiba yake ya zamani, Liemba iliondoka Kigoma Jumatano, kila baada ya wiki mbili. Ilifika Mpulungu, Zambia, Ijumaa na kugeuza siku hiyohiyo. Kasanga ni bandari yake ya mwisho upande wa Tanzania. Kwa hiyo kundi lililotaka kupandia Kasanga kwenda kaskazini lilikuwa na nafasi mbili tu kwa mwezi.

Kisha meli ikasimama, mwaka 2018. Mwaka 2023 kampuni ya meli ya Serikali, iliyojulikana kwa miaka mingi kama MSCL, ilitia saini mkataba wa kuikarabati na kampuni ya Brodosplit ya Croatia. Miaka hiyo ya ukimya iliwapa wafanyabiashara wa utalii funzo la gharama: aliyejenga bidhaa yake yote juu ya meli moja alibaki bila bidhaa. Hata meli ikiwa kazini, shehena ya dagaa, upepo au hitilafu ya mashine huweza kuisogeza saa kadhaa au siku nzima. Mpangaji mzoefu huiweka meli mwisho wa safari, huacha siku moja ya akiba, wala hamkatii mteja tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani inayotegemea meli kufika kwa wakati.

Njia ya kufika

Kilichobadilisha biashara ya Rukwa kuliko tangazo lolote ni lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Ile ya Sumbawanga, Matai hadi bandari ya Kasanga ina kilomita 112. Zamani kipande hicho cha mwisho kilikuwa safari ya kutwa nzima wakati wa masika, na vumbi tupu wakati wa kiangazi. Siku hizi kundi linaweza kunywa chai Sumbawanga na kula mchana ziwani.

Kutoka Dar es Salaam kuna njia tatu. Ya kwanza ni ndege hadi Songwe, Mbeya, kisha gari kupitia Tunduma. Ya pili ni treni ya TAZARA hadi Mbeya au Tunduma, yenye mandhari ya kupendeza kwa kundi lisilo na haraka. Ya tatu ni basi la moja kwa moja, linalowafaa vijana na makundi ya ndani. Kiwanja cha ndege cha Sumbawanga kimekuwa katika mradi wa kujengwa upya kwa lami, na ndege za ratiba zikitua hapo, siku nzima ya safari itahamia kwenye mapato ya mkoa.

Siku nne zenyewe

Siku ya kwanza haifai kujazwa. Mgeni aliyetoka Mbeya kwa gari amechoka, na Sumbawanga iko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai baridi yake huwashangaza wanaodhani Tanzania yote ni joto. Wauza majaketi ya mitumba sokoni wanalijua hilo zamani, na mpangaji makini humwandikia mteja mapema aje na sweta. Jioni inatosha kuzunguka soko, ambako maharage, mahindi na ulezi wa uwanda huu hupimwa kwa debe na kupakiwa kwenye malori yaendayo mbali.

Siku ya pili ni ya milima ya Mbizi, upande wa mashariki wa mji. Msitu wake ni mabaki ya misitu ya mlimani na ni makazi ya mbega wekundu. Ukivuka mgongo wa milima unafika ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mahali uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ziwa Rukwa kutandaa chini. Wenye gari imara huteremka kwa barabara ya Ntendo hadi Muze na kuliona ziwa lenyewe, lenye magadi, viboko na mamba, ambalo kingo zake husogea mbele na nyuma kufuatana na mvua. Kundi la wazee liishie juu ukingoni. Mandhari wataipata, na migongo yao itasalimika.

Siku hiyohiyo ina bidhaa ambayo karibu hakuna anayeiuza: chuma. Wafipa waliyeyusha chuma kwa matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyozidi kimo cha mtu na kuvuta hewa yenyewe bila mivuo. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivuo kabla ya kufuliwa majembe. Mabaki ya malungu yapo mashambani na maporini, mengine yakiporomoka mwaka hadi mwaka. Kuyaonyesha kunahitaji mwenyeji anayejua yalipo, idhini ya kijiji na mzee wa kusimulia. Gharama zote tatu ni ndogo, na fedha yake hufika moja kwa moja kijijini.

Siku ya tatu ni ya maporomoko ya Kalambo. Kundi linapita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, na kuelekea kijiji cha Kapozwa mpakani. Maji huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 220, kama mara mbili ya kimo cha Maporomoko ya Victoria. Upande wa Tanzania eneo linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), uliojenga ngazi za kuteremkia. Kiangazi korongo aina ya marabu hutaga kwenye kuta za bonde hilo.

Zambia nayo inauza maporomoko hayohayo kupitia mji wa Mbala, tena ina hadithi nzuri ya kuongezea. Jirani na maporomoko, upande wake, mtaalamu wa mambo ya kale Desmond Clark alichimbua kuanzia miaka ya 1950. Septemba 2023 watafiti walitangaza kuwa magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yaliyopatikana hapo, yana umri wa takriban miaka 476,000. Hakuna kazi ya ujenzi wa mbao iliyojulikana duniani yenye umri huo. Maporomoko ni ya nchi mbili, lakini kiingilio hulipwa upande alikoletwa mgeni. Mwongoza watalii wa Matai asiyeijua habari ya magogo hayo anamwachia mwenzake wa Mbala mteja.

Siku ya nne kundi linateremka Kasanga, karibu mita 1,000 chini ya uwanda, na hewa inabadilika njiani. Hapa palikuwa Bismarckburg, kituo cha Wajerumani chenye boma ambalo mabaki yake bado yapo. Ni vizuri kuomba ruhusa kabla ya kuyasogelea au kupiga picha, maana hapa ni mpakani. Mchana ni wa samaki: kuhe wa kukaanga, migebuka, dagaa. Jioni ni ya kusubiri honi ya meli.

Kalenda inayogongana

Ugumu wa kuipanga Ufipa ni kwamba vivutio vyake havinogi kwa wakati mmoja. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Kalambo hujaa maji mwishoni mwa mvua, wakati barabara za vumbi za pembeni zikiwa tope. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, ambayo makundi mengi hupenda kuianzia kwa kupitia Mpanda, hunoga kati ya Agosti na Oktoba, pale viboko na nyati wanapobanana kwenye maji yaliyobaki. Kufikia Oktoba Kalambo imekonda. Ziwani nako upepo wa kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba na kuyafanya maji kuwa makali mchana.

Samaki pia wana kalenda yao. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mwenye hoteli aliyeahidi migebuka mibichi kipindi kama hicho atajikuta akipika maharage. Ukiyajumlisha yote, na kuukubali upepo wa ziwani na uhaba wa samaki wabichi, nusu ya pili ya Juni hadi Julai ndicho kipindi cha maelewano: barabara zimekauka, Kalambo bado ina maji ya kutosha, na Katavi imeanza kukusanya wanyama.

Hesabu ya kundi

Utalii wa Rukwa ni biashara ya gharama zisizobadilika. Tuseme gari linakodiwa kwa shilingi 300,000 kwa siku. Watu 6 watachangia 50,000 kila mmoja, lakini wakiwa 15 mchango unashuka hadi 20,000. Mafuta, posho ya dereva na ujira wa mwongoza watalii hufuata mkondo huohuo. Vitanda, chakula na viingilio ndivyo vinavyoongezeka kwa kila kichwa. Kundi la watu 12 hadi 18, la kujaza Coaster moja, ndilo linalolipa. Likizidi hapo, vyumba vyenye hadhi inayolingana vinakuwa adimu, hasa Matai na Kasanga, na mpangaji analazimika kuwarudisha watu kulala Sumbawanga.

Wanaoweza kujaza Coaster hiyo wako karibu kuliko inavyodhaniwa: kwaya za parokia, akina mama Wakatoliki wa WAWATA, shule za sekondari, vikundi vya vikoba, wafanyakazi wa taasisi wanaofunga mwaka. Tanzania ilipokea zaidi ya watalii wa kigeni milioni 1.8 mwaka 2023, lakini wengi wao huishia kaskazini na Zanzibar. Kwa Sumbawanga, mteja wa ndani ndiye anayelipa mshahara wa dereva mwezi hadi mwezi. Mgeni wa Liemba ni nyongeza yenye bei nzuri.

Anayetaka kufanya kazi hii kihalali anahitaji leseni ya biashara ya utalii, maarufu kama TALA, pamoja na gari lenye kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Boti ya kuwatembeza watu ziwani iwe imekaguliwa na TASAC, wakala wa meli, na iwe na jaketi okozi kwa kila abiria. Kundi litoke asubuhi, kabla upepo haujapanda. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, si kwa fedha taslimu getini, na mtandao ukisumbua Kapozwa kundi zima litasimama juani. Namba hiyo ichukuliwe na kulipiwa Sumbawanga, siku moja kabla.

Mkataba wenye bei mbili

Migogoro mingi ya safari za makundi huzaliwa kwenye kishika uchumba. Mteja ametoa nusu ya fedha, meli haikuja, na kila upande una tafsiri yake ya kilichonunuliwa. Dawa yake ni kuandika bei mbili tangu mwanzo: bei ya siku nne za nchi kavu, na bei ya meli peke yake. Meli ikikosekana, fedha ya meli inarudishwa au inageuzwa kuwa safari mbadala, kwa mfano usiku wa ziada ufukweni Kipili, huku siku nne zikibaki zimelipwa kwa sababu zimetolewa. Mwenye gesti Kasanga naye apate malipo ya awali ya usiku wa akiba, hata kama hautatumika, badala ya kubebeshwa hasara ya ratiba asiyoimiliki.

Kampuni ya meli na bandari zingepunguza hatari hiyo kwa kutangaza tarehe za miezi sita mbele na kutoa taarifa ya ucheleweshaji kwa ujumbe wa simu, kama mabasi makubwa yafanyavyo. Halmashauri zingesaidia kwa kutoa orodha moja ya waongoza watalii wa vijiji, malungu yanayofikika na nyumba za wageni zenye vyumba vya kulitosha kundi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mkopo wa benki.

Mpaka hapo, kampuni itakayofanikiwa Sumbawanga ni ile inayoweza kumuuliza mteja wake, kabla hajatoa shilingi: meli isipokuja, siku hizi nne bado utazilipia? Jibu likiwa hapana, safari hiyo haijapangwa.